Babu wa Songo Songo na hesabu yangu ya kisima

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Sikuumwa wala sikuhama nchi kama mmoja wenu alivyoniuliza kwa utani. Nilikuwa na aibu tu. Aibu yenyewe ni ya kikazi, na kwa kuwa gazetini hakuna nafasi ya kuieleza (masahihisho ya habari ya mwaka juzi nani atayachapa?) naona niitue hapa.

Mwaka juzi niliandika habari ya gesi ya Songo Songo. Nilikuwa mezani kwangu Dar es Salaam, taarifa mkononi, na dakika arobaini kabla ya ukurasa kufungwa. Nikaandika kwamba kisima kimoja cha kisiwani "kimekwenda chini" mita kadhaa, nikazitaja, halafu kwa ufundi wangu mwenyewe nikaongeza kwamba kadiri kisima kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyoifikia gesi iliyo chini zaidi, na ndivyo kinavyotoa gesi nyingi. Sentensi hiyo haikuwemo kwenye taarifa. Niliitunga. Ilisikika vizuri, mhariri akaipitisha, mimi nikaenda kula.

Mwaka huu nikatumwa Kilwa, kwa sababu leseni ya gesi ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, na kila mtu anataka kujua nini kinafuata baada ya Oktoba 2026. Basi la Lindi likaniacha Somanga alfajiri, nikapanda boti ya mashine pamoja na magunia ya unga, kreti za soda na kuku wawili waliofungwa miguu. Kutoka bara ni kama kilomita 25 kwa njia ya bomba. Kwa boti yetu, bahari ikiwa na hasira vile, sikuhesabu kilomita. Nilihesabu mawimbi.

Kwa wale ambao Songo Songo wanaijua kwa jina la kwenye luku tu: ni kisiwa cha wavuvi katika Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Waitaliano wa AGIP waligundua gesi pale mwaka 1974, wakaona haina biashara, wakaiacha. Serikali kupitia TPDC ikaendelea kuchoronga hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha gesi ikakaa chini, imefungiwa, zaidi ya miaka ishirini, mpaka Julai 2004 ilipoanza kusafirishwa kwa bomba hadi Somanga Funga na kutoka hapo kilomita 207 hadi Ubungo. Mwaka huo mimi nilikuwa chekechea. Visima vitano kati ya vile vya zamani ndivyo vilivyoanza kazi. Vingine viko kisiwani penyewe, vingine viko baharini kwenye majukwaa madogo ya chuma. Vipya vikaongezwa baadaye, kuanzia 2007.

Basi, kisiwani nikaelekezwa kwa babu mmoja ambaye ujanani alifanya kibarua kwenye mtambo wa kuchoronga enzi zile za TPDC. Nilimkuta barazani anashona wavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa gazeti?"

Nikaitikia kwa fahari. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Habari yangu! Nilitaka kulia kwa furaha, wadau. Mtu wa kisiwani kahifadhi kazi yangu miaka miwili! Akaikunjua pole pole, akaweka kidole kwenye ile namba ya mita.

"Hii ni urefu au ni kina?"

Nikamwambia si ni kitu kimoja, babu? Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini bahari ina chumvi.

"Ukitia nanga pale nje, kusi inavuma na maji yanakokota, kamba yako inasimama wima?"

"Hapana, inakwenda mshazari."

"Umetoa kamba pima ngapi?"

"Tuseme ishirini."

"Je, maji hapo yana kina cha pima ishirini?"

Akachukua kijiti, akachora mchangani. Nanga hapa chini. Chombo kule juu, kimesukumwa na mkondo pima kumi na sita mbali na nanga yake. Kamba pima ishirini. "Maji ni pima ngapi?" Wadau, nilisimama pale na shahada yangu ya chuo kikuu nikiitafuta kichwani ile kanuni ya Pythagoras ya sekondari. Kumi na mbili. Maji ni pima kumi na mbili. Yeye hakuhitaji kanuni. Ametia nanga maisha yake yote.

"Kisima hicho ulichoandika," akasema, "kimeanzia hapa kisiwani, lakini gesi yake haiko hapa. Wamekipindisha kinaingia chini ya bahari. Namba yako ni ya kamba. Sisi hapa tukasoma kwamba wamechimba shimo kwenda chini namna hiyo, watu wakaogopa."

Watu wakaogopa. Hilo ndilo lililonikaa. Mimi nilidhani nimekosea hesabu, kumbe kuna mama alilala na hofu kwamba chini ya kitanda chake kuna shimo lisilo na mwisho.

Kabla sijaondoka akaniuliza swali jingine, na hili sikuwa na jibu lake kabisa: "Ikiwa mdomo wa kisima uko kwetu, na mkia wake uko kule chini ya bahari, gesi hiyo ni ya nani? Ya mdomo au ya mkia?" Nikaahidi kwamba nitamletea jibu.

Niliporudi Dar nikamtafuta rafiki yangu tuliyekuwa wote Mlimani, mimi nikisoma uandishi wa habari, yeye jiolojia. Tulikutana Sinza kwa mama mmoja mwenye chapati nzuri. Nikamwambia nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana sijui kitu. Akachukua chapati, zile za kusukuma zenye tabaka tabaka, na mrija wa soda.

Akauchoma mrija katikati ya chapati, wima, ukatokea upande wa pili. "Hiki ni kisima cha wima. Mrija umegusana na chapati kiasi gani?" Unene wa chapati tu. Halafu akaufunua ukingo wa chapati akausukuma mrija katikati ya tabaka mpaka ukatokea upande mwingine. "Na sasa?" Sasa mrija wote umo ndani ya chapati. Chapati ni ile ile, mrija ni ule ule, lakini mguso umeongezeka mara nyingi. Hicho ndicho kisima cha mlalo. (Chapati haikulika tena. Nililipa mimi.)

Kwa hiyo sehemu ya ile sentensi yangu ya uongo ilikuwa na kaukweli: urefu unaweza kuongeza gesi. Ila ni urefu ulio ndani ya tabaka lenye gesi. Mita elfu moja za kupita kwenye mwamba mkavu hazikupi kitu zaidi ya gharama. Na mwamba wenyewe lazima uwe wa namna inayohitaji mrija ulale. Hapo ndipo mambo yanakuwa matamu.

Kulaza kisima si jambo la jana. Kampuni ya Kifaransa ya Elf Aquitaine ndiyo iliyoonyesha dunia kwamba inalipa, kwa visima vya Lacq nyumbani kwao mwaka 1980 na 1981, kisha mwaka 1982 pale Rospo Mare, kwenye maji ya Italia, nchi ya hao hao AGIP wetu. Rospo Mare ni mwamba wa chokaa wenye mapango na nyufa, na mafuta mazito yamejificha humo. Kisima cha wima kinaweza kushuka kikakosa ufa hata mmoja, kama mtu anayedondosha mshipi mahali pasipo na samaki. Kikilazwa, kinazikata nyufa moja baada ya nyingine.

Wanorwe wana kisa kizuri zaidi. Uwanja wao wa Troll ni wa gesi nyingi sana, lakini chini ya gesi kuna utando wa mafuta, sehemu nyingine mita kumi na kitu tu, na chini ya mafuta kuna maji. Hebu fikiria mafuta ya taa yanayoelea juu ya maji kwenye dumu. Ukiweka mrija wima ukafyonza kwa nguvu, unapata nini? Maji yanapanda kwenye mrija, kama kichuguu kimeinuka kutoka chini. Ukifyonza hapo hapo unakunywa maji. Wanorwe wakalaza visima ndani ya ule utando mwembamba katika miaka ya 1990, wakafyonza taratibu kwa urefu badala ya kwa nguvu mahali pamoja, na mafuta ambayo yangeachwa yakatoka. Troll inaendeshwa na Equinor, zamani Statoil, ambao ndio hao hao wenye gesi kwenye kina kirefu mbele ya Lindi, Kitalu namba 2.

Na kulenga tabaka la mita kumi na kitu ukiwa juu kabisa si mchezo. Bomba la chuma halikunjwi kama waya. Tuseme linapinda digrii tatu kila mita 30. Nilipiga hesabu, kutoka wima hadi kulala kabisa linahitaji mita 900 za kupinda, na mzingo wa kona hiyo una nusu kipenyo cha mita 570 na ushee. Yaani ukitaka kulala kwenye kina fulani lazima uanze kupinda zaidi ya nusu kilomita juu yake. Anayeongoza haoni kitu. Nyuma ya keekee kuna vifaa vinavyopima mwelekeo, vinatuma habari juu kwa mapigo ya mgandamizo ndani ya tope la kuchorongea, tiki, tiki, tiki, kama mshipa wa mkono. Nahodha wa usiku ana nyota angalau.

Sasa umeshalala ndani ya tabaka. Kazi imekwisha? Haijaisha. Hapa nilijifunza kwamba kisima cha mlalo nacho kina mguu. Pale kinapopinda na kuanza kulala wanapaita kisigino, na mwisho wake kabisa wanauita kidole cha mguu. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana maisha yote ya kisima yamo kwenye uhusiano wa kisigino na kidole.

Kwanza, kisigino ni mlafi. Sisi wa Dar tunalijua hili kwa mabomba ya mtaani: nyumba iliyo karibu na tangi inajaza mapipa, ya mwisho wa mtaa inapata matone. Ndani ya kisima kirefu, gesi au mafuta ya kidoleni lazima yasafiri njia yote yakisuguana na bomba, hivyo mvuto mkubwa unakuwa kisigino. Kisigino kinatoa kingi, na maji nayo yanawahi kufika hapo. Ndiyo maana kurefusha kisima mara mbili hakukupi gesi mara mbili. Unafika mahali ambapo kuongeza mita kunaongeza gharama tu.

Pili, kidole kielekee wapi? Kikiinuka kuliko kisigino, maji yanayotoka na gesi yanateremka kurudi kisigino na kukusanyika hapo, kwenye mpando wa kwenda juu. Kikishuka, maji yanatuama kidoleni na kuziba sehemu ya kisima. Na kikiwa hakijanyooka, kinapanda na kushuka kama barabara ya vumbi baada ya masika, kila bonde linakuwa dimbwi. Kisima kikiwa kipya, gesi ina kasi, inayapeperusha maji na mabonde hayaonekani. Kisima kikizeeka, mgandamizo ukishuka, madimbwi yanaanza kutawala. Gesi inatoka kwa kukohoa, inatulia, inakohoa tena, na mwisho inanyamaza wakati chini bado ipo. Nilimuuliza rafiki yangu, sasa kidole bora ni cha juu au cha chini? Akasema wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Inategemea maji ni kiasi gani, bomba ni pana kiasi gani, tabaka lenyewe limeinamia wapi. Nilimpenda kwa jibu hilo. Mimi ningetunga sentensi.

Tatu, na hili ndilo lililoirudisha akili yangu Kilwa: kulala si lazima. Gesi si mafuta mazito. Inapita kwenye mwamba kwa urahisi. Ukiwa na mwamba wa mchanga mnene, wenye vitundu vizuri, kama ule wa Songo Songo, kisima cha wima au cha mshazari kinakata unene wote na kinatoa gesi kwa nguvu. Tena kama tabaka zimetenganishwa na vitando vya udongo mgumu, kisima kilicholala kinaweza kufaidi tabaka moja na kuzikosa nyingine zote, lakini cha mshazari kinazikata zote. Mrija katikati ya tabaka mbili za chapati hauonji ya tatu. Kwa hiyo visima vya Songo Songo havikupindishwa ili vilale. Pale walipopindisha ni ili wafike: usimame kisiwani, uchukue kilicho chini ya bahari.

Na matatizo makubwa ya visima vile hayakutokana na mwelekeo. Yalikuwa kutu kwenye mabomba ya ndani ya visima vya zamani, mpaka mtambo wa baharini ukaletwa mwaka 2015 kuvitengeneza, na yalikuwa mgandamizo wa asili kushuka kadiri gesi inavyotumika, mpaka ikafungwa mitambo ya kuisukuma iliyoanza kazi 2022. Jirani yao ni Kiliwani Kaskazini, hapo hapo kisiwani. Kisima hicho kilipojaribiwa mwaka 2008 kilitoa futi za ujazo milioni 40 kwa siku. Kikaanza kuuza gesi Aprili 2016, watu tukaandika kwa herufi kubwa. Miaka michache baadaye mgandamizo ukaanguka, na kufikia 2019 kilikuwa hakitoi kitu. Kumbe mfuko uliokuwa umeguswa ulikuwa mdogo. Umbo zuri la kisima haliongezi gesi ambayo haipo.

Nikarudi sasa kwenye swali la babu. Mdomo au mkia?

Swali hili limewahi kuwatoa watu roho. Texas Mashariki, miaka ya mwanzo ya 1960, iligundulika kwamba watu walikuwa wameweka midomo ya visima kwenye ardhi yao kihalali kabisa, halafu wakavipindisha kwa siri chini ya uzio mpaka kwenye mafuta ya jirani. Wizi wa mshazari! Na mwaka 1990, moja ya tuhuma ambazo Iraki iliitupia Kuwait kabla ya kuivamia ilikuwa hiyo hiyo, kwamba inachoronga kwa kupindisha kuingia kwenye mafuta ya Rumaila. Kwa hiyo babu hakuuliza swali la kitoto.

Kwetu sheria inajibu kwa mkato: Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inasema petroli yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, kwa dhamana kwa ajili ya wananchi. Si ya mdomo, si ya mkia. Zanzibar ikaachiwa isimamie yake. Kilwa inapata ushuru wa huduma kupitia Halmashauri ya Wilaya, ambao kwa miaka mingi kisheria haukuzidi asilimia 0.3 ya mauzo. Niliandika jibu hilo kwenye daftari, nikaliona ni kavu kama ngonda. Ni jibu sahihi, lakini nilijua babu atalisikiliza kwa adabu kisha atarudi kwenye wavu wake.

Nikaendelea kusoma, na Waingereza wakanionyesha upande mwingine wa jambo. Kusini mwa Uingereza, Wytch Farm, mafuta yaliendelea kuingia chini ya ghuba ya Poole. BP walifikiria kujenga kisiwa cha bandia baharini, wakaacha, wakachoronga kutoka nchi kavu. Kisima chao cha mwaka 1999 kina urefu wa zaidi ya kilomita 11, na kina chake cha wima ni kama kilomita moja na nusu hivi. Kamba ndefu, maji mafupi! Majirani zetu Uganda nao wamefanya hivyo: Kingfisher, mtambo ulianza kuchoronga ufukweni mwa Ziwa Albert Januari 2023, na visima vinaingia chini ya ziwa kutoka nchi kavu. Kule Tilenga visima vilivyopangwa ni zaidi ya 400, lakini vimekusanywa kwenye viwanja 31 tu, kumi vikiwa ndani ya Hifadhi ya Murchison, kila kiwanja kikitoa visima vinavyotawanyika chini kama miguu ya pweza. Mafuta hayo ndiyo ya lile bomba la kilomita 1,443 la kuja Chongoleani, Tanga.

Hapo nikaona kitu ambacho ningeweza kumpelekea babu. Sheria ya bahari ya kimataifa inaruhusu nchi kuweka eneo la usalama la hadi mita 500 kuzunguka jukwaa la baharini. Nikapiga hesabu tena (siku hizi napiga hesabu kwa kila kitu). Duara la mita 500 ni hekta 78 na nusu, zaidi ya viwanja mia moja vya mpira. Hiyo ndiyo bahari ambayo jukwaa moja linaweza kumnyima mvuvi kwa miaka yote ya leseni. Kisima kilichoanzia nchi kavu kikapindishwa kinakula kipande cha ardhi kisiwani, na hilo nalo lina mwenyewe, lakini juu ya mkia wake, kilomita moja na zaidi juu, hakuna jukwaa wala duara. Pweza wako kwenye mwamba wao, watu wanashuka na mijiti yao maji yakikupwa kama kawaida.

Kwa maneno mengine, pembe ya kisima ni suala la mvuvi kabla halijawa la mhandisi. Na katika habari zote nilizoandika za gesi ya Kilwa na Lindi sijawahi hata mara moja kuuliza: mnachoronga kutoka wapi, kwenda wapi, na kwa nini si kutoka upande mwingine? Nimeuliza futi za ujazo. Nimeuliza dola. Songo Songo watakapoongeza visima, kwa leseni hii au nyingine, swali hilo ndilo nitakalokwenda nalo mkutanoni, na naomba waandishi wenzangu wanaosoma hapa waliibe.

Jumamosi nikampigia babu. Mtandao wa kisiwani ulikuwa unakatika, nikawa nasema kwa vipande. Nikamweleza kwanza sheria. Akasema "ahaa" moja ndefu ya kumaliza mazungumzo. Nikamweleza habari ya duara. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Rudia hiyo ya viwanja vya mpira."

Nikarudia. Akamgeukia mtu aliyekuwa karibu naye, akamweleza, nikasikia wanabishana kwa sauti, majina ya miamba na vilindi ambayo sijawahi kuyaona kwenye ramani yoyote. Kisha akanirudia akaniuliza kuhusu visima vile vya mbali kabisa, vya mbele ya Lindi ambavyo gesi yake inasemwa italetwa Likong'o, kama navyo vina majukwaa. Nikamwambia vile vimechorongwa kwenye maji ya kina kikubwa mno, vichwa vyao viko chini kabisa kwenye sakafu ya bahari. Nikamtajia na majina yake: Pweza na Chewa vya mwaka 2010, Chaza cha 2011, Jodari cha 2012.

"Wamechukua hata majina," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Halafu akasema nisisahau ile namba. Nikamuuliza ipi. Ile ya gazetini, akasema, niliyompa ni ya kamba. Yeye anataka ya maji, akawasomee watu pale barazani. Nimeshaandika barua kuiomba. Nilitaka kumweleza barua hizo huchukua muda gani, lakini akaniambia maji yanajaa na chombo hakijafungwa, akakata simu.